Ukienda mkutano wa ukoo, anzia jikoni

Mkonge una ukoo unaojulikana kuliko wangu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na baadaye mashamba yakaenea Tanga. Babu mzaa mama, aliyetoka Kigoma kuja kuukata huo mkonge, hakuna aliyekuwa anajua hata kijiji chake. Kwa hiyo nilipoalikwa mkutano wa ukoo Korogwe nilienda na daftari jipya na kalamu mbili, nikajiona mtafiti.

Siku ya kwanza ilipotea bure. Nilikaa na wajomba na wazee kwenye turubai, nikauliza maswali ya kikarani: babu alizaliwa mwaka gani? Huku alifika lini? Mmoja akasema 1930, mwingine akaapa kwamba ni 1942, ubishi ukachukua nusu saa mpaka zikaletwa soda.

Jioni nikaenda uani kuomba maji. Bibi mdogo, mdogo wake marehemu bibi, alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwonyesha picha pekee ya babu tuliyonayo, ipo kwenye simu. Akafuta vidole kwenye kanga, akaitazama kwa mbali, kisha kwa karibu.

"Koti hili si lake, la nyapara. Aliliazima apigiwe picha."

Ungo ukawekwa chini. Daftari nikalisahau, nikamwomba nimrekodi kwa simu.

Nilichojifunza pale: mzee usimuulize mwaka, muulize siku hiyo kulikuwa na nini. Bibi miaka haijui, ila anakumbuka kwamba usiku wa kupandisha bendera ya Uhuru alikuwa amembeba mama yangu mgongoni, hata kusimama dede bado. Hiyo ni Desemba 1961. Cheti cha mama kinasema 1958! Siku hizi karatasi naziheshimu, lakini siziamini peke yake.

La pili ni majina. Uliza jina la nyumbani, la dini, la kazini, hata la utani, kabla hujaanza kupekua vitabu vya ubatizo au nyaraka za shamba. Manamba, vibarua wa mashamba kama babu, walifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30, na mshahara ulitoka kadi ikijaa. Kumbe mwenzake babu alirudi kwao akaacha kipande nusu, babu akakimalizia kwa jina lile lile. Karani hakuuliza. Jina hilo ndilo mama na wajomba zangu wote wanalotumia mpaka leo.

"Dada aliniambia," bibi akasema, "na wewe usilipeleke kwenye kundi la WhatsApp."

Sikulipeleka. Nilirudi kwake mara tatu kuomba ruhusa ya kuandika haya, akakubali kwa sharti nisitaje jina la mtu. Wajomba niliwaambia mmoja mmoja, ana kwa ana. Mmoja hajanipigia simu tangu siku hiyo. Nawe ukikuta jambo la namna hii, usilitangaze kwenye kipaza sauti.

Jina la nyumbani la babu bibi analikumbuka. Mwezi wa sita napanda treni kwenda nalo Kigoma, pamoja na ile picha. Safari hii nimeichapisha nakala nne kubwa, maana macho ya wazee na kioo cha simu haviivi chungu kimoja.