Maswali ya Wasomaji: Kuendesha Baiskeli katika Misitu ya Usambara

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu huendesha baiskeli kila Jumamosi alfajiri kwenye Barabara ya Bagamoyo, lakini tumechoshwa na malori na bodaboda zinazotupita karibu kiasi cha kugusa viwiko vyetu. Sasa tumenunua baiskeli za changarawe, zile zenye usukani uliopinda na tairi pana kuliko za lami, na tunakusudia kwenda Lushoto kwa siku 4. Je, ziko njia za msituni zisizopitwa na magari? Na je, tuanzie safari Mombo ili tupande mlima wenyewe?
Msomaji, Tegeta, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na Mombo, kwa sababu hapo ndipo wengi hujichosha kabla hawajaufikia msitu waliouendea. Mombo iko takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari na mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400, na kati yake kuna kilomita 33 hivi za lami zinazopanda kando ya bonde kupitia Soni. Barabara hiyo inapendeza macho, lakini ni nyembamba, ina kona kali, na ndimo yanamopita mabasi pamoja na malori ya kabichi, karoti na nyanya yanayoshuka kwenda mijini. Mmeikimbia Barabara ya Bagamoyo kwa sababu ya magari. Msiyafuate tena mlimani. Pakieni baiskeli kwenye basi hadi Lushoto, mkitoa gurudumu la mbele na kuzifunga kwa mipira ya tyubu kuukuu ili rangi isichubuke, kisha anzeni safari yenu huko juu mkiwa na nguvu.

Kuhusu njia zisizo na magari, naomba tuelewane kwanza. Milima ya Usambara haina barabara zilizojengwa kwa ajili ya baiskeli peke yake. Zilizopo ni barabara za udongo za misitu, ambazo gari huonekana kwa nadra, na nyingine halipiti kabisa kwa sababu lango limefungwa au maji yamekwisha kuichimba njia. Lakini watu wapo. Mtakutana na kina mama wenye mizigo ya kuni kichwani, na watoto wanaokwenda shule kijiji cha pili. Njia ni yao kabla ya kuwa yenu, kwa hiyo mwenye mzigo apishwe kila mara, hata kama ninyi ndio mnaopanda na kusimama kutawapotezea mwendo. Salimieni mkiwa bado mbali, maana baiskeli inayoshuka haina sauti na humshtua mtu aliyeinama chini ya mzigo.

Kwa siku ya kwanza nawashauri Magamba, kilomita chache juu ya mji wa Lushoto. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kiingilio hulipwa kabla ya kuingia. Zimo njia pana za zamani zinazopita chini ya miti mikubwa ya mikulo na mipodo, na mkienda polepole mtawaona mbega wakiruka juu yenu huku mikia yao mirefu yenye ncha nyeupe ikining'inia. Zimo pia njia nyembamba zenye mizizi na ngazi ambazo ni za kutembea kwa miguu tu, hivyo waulizeni walinzi ni ipi inayoruhusiwa baiskeli, nao watawaambia pia mti gani umeanguka wapi. Kumbukeni kwamba kivuli kile kile kinachoburudisha ndicho kinachozuia udongo usikauke: siku 2 za jua baada ya mvua hutosha kukausha barabara ya kijijini, ilhali ndani ya msitu bado mtateleza.

Mahali ninapopapenda kuliko pote, hata hivyo, ni Shume, ambako kuna shamba la miti la serikali lenye misindano mingi. Barabara zake zilichongwa kwa ajili ya kusomba magogo, kwa hiyo mteremko wake umepimwa lori lenye mzigo liweze kuupanda, na jambo hilo ni neema kwa mwendesha baiskeli, kwani hupandi ghafla kama kwenye njia za vijijini ambazo hukwea mlima moja kwa moja. Pitieni kwanza ofisi ya shamba mwombe ruhusa, na mwulize ni sehemu gani inayovunwa wiki hiyo, ili msikutane na lori la magogo kwenye kona. Siku ya Jumapili ni tulivu zaidi. Ukifika ukingo wa magharibi msitu unakoma ghafla, na chini yako, zaidi ya mita 1,000, inaonekana nyika iliyokauka, nawe bado umevaa sweta.

Jambo moja la Shume lazima niliseme kwa sababu lilinipata mwenyewe. Sindano za misindano huanguka zikatandaza njia kama zulia la kahawia, laini na lisilo na kelele. Asubuhi moja ya Agosti, ukungu ukidondoka kutoka matawini, nilisimama kwenye kona kumpisha mzee aliyekuwa akichunga ng'ombe. Niliweka mguu chini na kiatu kikazama hadi kifundoni ndani ya mfereji uliochimbwa na mvua, ambao sindano zilikuwa zimeufunika wote. Ningelipita pale kwa kasi, gurudumu la mbele lingenasa nami ningerushwa. Tangu siku hiyo kwenye zulia hilo nafuata alama za miguu ya watu na ya ng'ombe, kwa kuwa wao wanajua ardhi ngumu iko wapi.

Miezi inayofaa ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba, ambapo baridi na ukungu ni vya kawaida lakini mvua kubwa imekwisha. Kati ya Machi na Mei msiende: udongo mwekundu hunata kwenye tairi na kujaa kati ya gurudumu na fremu mpaka baiskeli inakataa kusukumwa.

SWALI: Ninaishi Soni na ninatumia Phoenix ya kawaida yenye breki za vyuma na gia moja. Vijana wenzangu wanataka tuzunguke pamoja msituni. Je, baiskeli yangu inafaa, na mteremko nitaushukaje?
Msomaji, Soni, Tanga

JIBU: Kupanda si tatizo, kwa kuwa mahali usipoweza utaisukuma, na hata wenye gia nyingi watashuka waisukume kando yako. Ninachokihofia ni mteremko. Raba ya breki ikikamata rimu ya chuma iliyolowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na utaligundua hilo ukiwa tayari kwenye kasi. Kwa hiyo badilisha raba zote 4 kabla ya safari, mwombe fundi akaze vyuma vya breki, na uzijaribu kwenye mteremko mfupi ulio karibu na nyumbani. Ukianza kushuka, anza polepole tangu juu. Usingoje kasi ikue ndipo uizuie. Bana breki, achia, bana tena, na usogeze mwili nyuma ya siti ili usirushwe mbele ya usukani. Ukiona kona ambayo mwisho wake hauonekani, shuka utembee. Usibebe abiria wala mzigo kwenye keria siku hiyo, na tairi usizijaze kama za barabara ya lami, kwa sababu tairi ngumu hurukaruka juu ya changarawe na breki hukosa cha kushika.

SWALI: Sisi tuko Muheza, na Lushoto ni mbali kwetu. Amani je?
Kikundi cha waendesha baiskeli, Muheza

JIBU: Amani inafaa sana, nanyi mna bahati ya kuwa nayo jirani. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, na barabara zake za udongo zinaungana na zile za mashamba ya chai, ambazo ni pana, zina miinuko mifupi na hazina magari mengi. Anzieni Sigi, kwenye jengo la stesheni ya zamani ya reli ya Wajerumani, mlipe kiingilio hapo, kisha mpande taratibu hadi Amani kwenyewe. Mkiingia mashamba ya chai ombeni ruhusa kwa msimamizi, na siku za kuchuma sikilizeni trekta kabla ya kila kona. Amani hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, tena si kwa msimu mmoja tu, kwa hiyo bebeni makoti ya mvua hata kama Muheza mmeiacha na jua, na mnyororo mwupake mafuta jioni ile ile mnaporudi, kabla kutu haijaanza.