Damu Imekata, Kamera ya Nini Tena?

Msomaji mmoja wa Mwanza aliniandikia wiki iliyopita kwamba mama yake, aliyepita umri wa miaka 60, alitapika damu na kupata choo cheusi kama lami, akalazwa, akaongezewa damu, na kufikia asubuhi ya pili damu ikawa imekata. Madaktari wanataka apitishwe kwenye kamera, yaani mpira mrefu wenye kamera unaoingizwa mdomoni hadi tumboni, lakini wajomba wanasema mgonjwa amepona na arudishwe nyumbani. Nilimjibu siku ileile kwamba akubali kamera na asiruhusu mama atolewe wodini, kwa kuwa jambo hilo halikuwa la kungojea makala. Ninayoandika sasa ni sababu za jibu lile, na nitalazimika kueleza yaliyonikuta mimi mwenyewe, kwa kuwa maneno ya wajomba wale ndiyo yaleyale niliyoambiwa nikiwa nimelala kitandani.

Mimi ni mwalimu wa biolojia mkoani Tanga. Nilipata ajali ya bodaboda iliyoniachia goti bovu, na kituo kimoja cha afya kilinipa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, kikaniongezea tena na tena kwa miezi mingi bila mtu yeyote kuniuliza kama nina historia ya vidonda vya tumbo, ingawa baba yangu mzazi aliwahi kufanyiwa upasuaji kwa ajili ya ugonjwa huohuo. Nilipoanza kulalamika kwamba tumbo linaniuma usiku wa manane na maumivu hupungua nikila, niliambiwa nile kwa wakati na niache pilipili. Sijalisahau jibu hilo, na sioni sababu ya kulisahau. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku na kutulia anapokula ni dalili inayojulikana ya kidonda cha duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na mtu mwenye dalili hiyo huku anameza diklofenaki kila siku hakustahili kupewa somo la pilipili.

Duodeni ni kipande kifupi, cha sentimita 25 hivi, kinachoanzia pale tumbo linapoishia na kujikunja kukizunguka kichwa cha kongosho. Vidonda vingi huota katika sentimita chache za mwanzo, mahali ambapo tindikali ya tumbo hufika kwanza. Nyuma ya ukuta wa sehemu hiyo hupita ateri kubwa inayopeleka damu kwenye tumbo, duodeni na kongosho, na kidonda kikichimba upande huo wa nyuma kinaweza kuufikia mshipa huo au matawi yake. Mimi kilichimba upande huo. Nilianguka bafuni alfajiri, nikafikishwa hospitali nikiwa na himoglobini, yaani kiwango cha damu, ya 5.8, ambayo ni ya chini sana, nikawekewa maji na damu, na baadaye nikasafirishwa kwa gari la wagonjwa hadi hospitali kubwa ya Dar es Salaam yenye wataalamu wa kamera.

Tulipofika, damu ilikuwa imekata. Presha ilikuwa imerudi, nilikuwa naongea, nilikuwa naomba chai. Ndipo baba mdogo, aliyekuwa ametutangulia kutoka Mbagala, akamwambia mke wangu mbele yangu: "Mama Salma, huyu mzima. Damu imekata, kamera ya nini tena? Mpira ule ukimwingia mtu mdomoni harudi." Shemeji yangu akaongeza habari za gharama na za jirani yake aliyefia kwenye kamera, ingawa alipobanwa hakuweza kueleza jirani huyo alikuwa anaumwa nini. Mimi nilisema nitaingia. Niliambiwa kwamba najidai kwa sababu ya vitabu.

Lazima nimtendee haki baba mdogo, kwa kuwa hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Katika watu wanaotokwa damu sehemu ya juu ya njia ya chakula, takriban 8 kati ya 10 damu yao hukata yenyewe. Aliyekaa wodini na wagonjwa wa namna hii atakuwa ameona wengi wakipona bila kuguswa, na ni rahisi kudhani kwamba kila damu iliyokata imekata moja kwa moja. Asichokijua mtu aliyesimama nje ya kitanda ni kidonda kimefanana vipi huko ndani, na hicho ndicho kitu pekee kinachotenganisha mgonjwa wa kurudi nyumbani kesho na mgonjwa wa kufa keshokutwa. Kidonda chenye sakafu safi ni nadra kurudia kutoa damu. Kidonda kisichotoa damu lakini chenye mshipa uliochomoza katikati yake, kikiachwa bila tiba, hurudia kwa takriban wagonjwa 4 kati ya 10. Madaktari huvipanga vidonda hivi kwa madaraja ya Forrest, yaliyotolewa mwaka 1974, na hakuna namna ya kulijua daraja la kidonda kwa kumtazama mgonjwa usoni au kwa kumsikia akiomba chai.

Kipimo chenyewe ninakieleza kwa kuwa hofu nyingi hutokana na kutokijua. Kabla ya kuingia ni lazima tumbo liwe tupu kadiri inavyowezekana. Nilipuliziwa dawa ya ganzi kooni, chungu sana, nikachomwa sindano ya usingizi mwepesi, nikalazwa kwa ubavu wa kushoto na kuwekewa kitu cha plastiki kati ya meno ili nisiuume mpira. Mpira una unene wa sentimita 1 hivi. Daktari, mwanamke mpole mwenye sauti ya ualimu kuliko mimi, aliniambia: "Mwalimu, meza kama unameza tonge, halafu pumua kwa pua." Nilijisikia kutapika mara mpira ulipopita koo, nikasikia tumbo linajaa hewa, na baada ya hapo kumbukumbu zangu zimekatikakatika.

Waliyoyakuta nimeyasoma baadaye kwenye ripoti: kidonda katika ukuta wa nyuma wa duodeni, mshipa umechomoza, damu haitoki, yaani daraja la 2a. Baba mdogo alikuwa sahihi kwamba damu imekata, na mshipa ulikuwa palepale ukisubiri. Daktari alipitisha sindano ndefu ndani ya mpira uleule, akachoma adrenalini iliyochanganywa na maji kuzunguka mshipa ili uminywe na kusinyaa. Adrenalini peke yake haitoshi, kwa kuwa nguvu yake huisha na damu huweza kurudi, kwa hiyo huambatanishwa na njia ya pili, ambayo huwa ni kuuchoma mshipa kwa joto au kuubana kwa klipu ndogo za chuma. Mimi nilibanwa kwa klipu. Klipu hizo hukaa hadi zitakapoachia zenyewe na kutoka kwa njia ya choo, na hakuna anayekwenda kuzitoa. Hakuna kisu kilichonigusa, na ungemtazama tumbo baba yangu, Mungu amrehemu, enzi za uhai wake, ungeona kovu linalotoka kifuani hadi kitovuni kwa ugonjwa ambao mwanawe ametibiwa kwa kumeza mpira.

Hapa ndipo ninapotaka ndugu zangu wasikilize. Wengi wetu tunaihesabu kamera kuwa ni picha, kitu cha kwenda kuona tu, na ndiyo maana mgonjwa akipata nafuu tunaona haina kazi tena. Kamera hii huona na kutibu katika mlalo uleule. Mgonjwa wa kitanda cha pili wodini alikuwa na macho ya njano kwa sababu ya jiwe lililoziba mrija wa nyongo. Naye alipitishiwa mpira hadi duodeni, mahali mrija huo unapofungukia, mlango wake ukapanuliwa kwa kukatwa kidogo na jiwe likavutwa. Ukataji huo madaktari wa Ujerumani na Japani waliutangaza mwaka 1974. Yule mtu aliondoka wodini kabla yangu, na alikuwa amekuja akiwa na hali mbaya kuliko mimi.

Wala chombo hiki hakikuletwa kwetu kujaribiwa, kama shemeji alivyodai pia siku ile. Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan, Marekani, ndiye aliyetengeneza na wenzake mpira wa kwanza wa nyuzi za kioo unaopinda, na mwaka 1957 aliumeza yeye mwenyewe kabla ya kumpitishia mgonjwa. Hapa Tanzania huduma ya kamera ipo Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, na hospitali nyingine kadhaa. Sisemi haina hatari. Utumbo unaweza kutoboka, dawa ya usingizi inaweza kuteremsha pumzi, na kutibu kuna hatari zaidi ya kutazama. Hatari hizo hutokea mara chache, nazo hupimwa dhidi ya mshipa ulio wazi ndani ya mtu, hazipimwi dhidi ya mtu mzima aliyekaa sebuleni.

Kuhusu wakati: mgonjwa hutakiwa kwanza aimarishwe kwa maji na damu, kisha kamera ifanyike ndani ya saa 24. Haraka iliyopita kiasi nayo haina faida. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kuingia ndani ya saa 6 hakukupunguza vifo kulinganisha na kungoja hadi saa 24. Kwa hiyo asije mtu akagombana na wauguzi kwa sababu mgonjwa anaongezewa damu kwanza. Agombane akiona mgonjwa anaandikiwa ruhusa ya kwenda nyumbani bila kamera wala maelezo.

Baada ya tiba niliwekewa dawa ya kuzuia tindikali kwa njia ya mshipa kwa saa 72, kwa kuwa damu haigandi vizuri ndani ya tindikali na vidonda vingi vinavyorudia kutoa damu hurudia katika muda huo. Baba mdogo alikuja kunitazama, akaona nimekaa, akasema, "Si nilisema utapona." Sikumjibu. Hadi leo tukikutana kwenye shughuli za ukoo huwa analisimulia jambo hili kana kwamba yeye ndiye aliyenipeleka, na mke wangu hunikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze.

Sasa nasema na wewe unayemeza dawa za maumivu na unayedhani kwamba klipu ndiyo mwisho wa habari. Klipu huzuia damu; haiondoi kilichochimba kidonda. Vidonda vingi vya duodeni husababishwa na bakteria aitwaye Helikobakta pailori, au na dawa za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, au na vyote viwili. Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia, ndio waliothibitisha habari ya bakteria huyo, na mwaka 1984 Marshall alimnywa makusudi hadi akaugua, kwa sababu wenzake walikuwa bado wanalaumu mawazo na vyakula. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 2005. Zaidi ya miaka 20 baada ya jina lao kusomwa Stockholm, bado mtu anaambiwa aache pilipili.

Mimi kipimo cha bakteria kilichochukuliwa wakati wa kamera kilisema hayupo. Nilikataa kuridhika, na hili najivunia. Kipimo kinachofanywa wakati mtu anatoka damu, au akiwa anatumia omeprazoli, dawa ya kuzuia tindikali, mara nyingi humkosa bakteria aliyepo. Niliomba kirudiwe kwa njia ya kinyesi, baada ya kuruhusiwa na daktari kuacha omeprazoli kwa wiki 2, na bakteria akaonekana. Nikapewa omeprazoli pamoja na antibiotiki mbili kwa siku 14, na wiki kadhaa baada ya kuzimaliza nikapimwa tena kuthibitisha kwamba ameondoka. Usikubali kupewa vidonge bila kupimwa, wala kumaliza vidonge bila kupimwa tena. Mzizi wa duka la jirani, juisi ya kabichi na asali ya mganga vinaweza kutuliza kiungulia. Bakteria huyo havimtoi.

Dawa za goti nilibadilishiwa. Mwenye aspirini aliyoandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi asijiachishe mwenyewe kwa hofu. Amwulize daktari siku ya kuirudia, maana mara nyingi hurudishwa mapema, pamoja na dawa ya kulinda tumbo, na kuiacha kabisa huweza kumwua mtu kwa moyo baada ya kuokolewa tumboni.

Jambo la mwisho ni la vidonge vya madini ya chuma, ambavyo karibu kila aliyepoteza damu hupewa. Hivyo navyo hufanya choo kiwe cheusi, na usiku wa kwanza nilipokiona niliamsha nyumba nzima. Choo cha vidonge huwa cheusi chenye ukijani, kigumu kidogo, wala harufu yake haibadiliki sana. Choo cha damu hunata, hung'aa, huwa laini, na harufu yake humfikia aliye mlango wa nje. Ukishindwa kutofautisha, au ukiona kizunguzungu na mapigo ya moyo yanakwenda mbio, rudi hospitali usiku huohuo, ukiwa na ripoti ya kamera mkononi ili daktari wa zamu ajue klipu ziko wapi.