Uliza Fundi: Mashine bado nzima, wanasema imekufa

Barua za mwezi huu zimenikuta nimejifunika khanga mbili juu ya sweta, maana baridi ya Mbeya mnaijua, na banda langu hapa Mwanjelwa lina mlango wa mabati unaopitisha upepo kama chekeche. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu watu wenye shida hiyohiyo wananijia karibu kila siku.

Dada fundi, shikamoo. Nina steshenari Uyole, jirani na mashine ya kusaga. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex ya mezani, i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4. Kila nikiwasha inaniandikia kwamba Windows 10 imefika mwisho. Fundi mmoja amenipigia hesabu ya mashine mpya. Mwingine anasema atanipigia Windows 11 "kwa njia ya panya". Mimi kazi zangu ni kuchapa barua na mitihani, kuskani vyeti, na kadi za mchango wa harusi. Nifanyeje?
*Mama wa steshenari, Uyole*

Marahaba, mama. Kwanza tulia. Mashine yako haijafa. Kilichokufa ni ahadi. Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake tundu likigunduliwa leo, hakuna anayekuja kuliziba. Kompyuta itaendelea kuwaka na kuchapa kama jana. Ila wewe unapokea fleshi za wanafunzi, za walimu na za wachungaji kuanzia asubuhi mpaka unafunga, na katika hizo moja haikosi mdudu. Mtu asiyepokea fleshi angeweza kuchelewa kidogo. Wewe usichelewe.

Walitoa muda wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, hadi 13 Oktoba 2026. Ulipatikana kwa dola 30, au bure kwa anayekubali kuingia kwa akaunti yao na kuhifadhi mipangilio yake huko. Ni kusogeza siku tu, na unahitaji Windows ambayo ni halali. (Sikuulizi yako ilitoka wapi.)

Kuhusu Windows 11: wao wenyewe wanataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane, na chipu ya usalama inayoitwa TPM toleo la 2.0. Yako ni kizazi cha nne. Hiyo njia ya panya ipo, nami naijua, lakini Microsoft hawaahidi kwamba mashine iliyopitishwa huko itaendelea kupata masasisho. Sasa utakuwa umetoka kwenye ahadi iliyokwisha ukaingia kwenye ahadi ambayo hukupewa. Na RAM GB 4 na Windows 11, mama, utachemsha chai na kuinywa kabla haijafunguka.

Nikueleze nilichofanya kwa OptiPlex kama yako, iliyoletwa na mzee mmoja kutoka Igawilo. Nilipofungua kava nikakuta feni imevaa koti la vumbi la pumba, na ndani ya pawa saplai mayai ya mende. Nilipuliza, nikatoa RAM na kusugua yale meno yake kwa kifutio cha penseli, kile cheupe, na kurudisha. Nikabadilisha ile pasta ya prosesa iliyokuwa imekauka kama udongo wa tanuri. Kisha nikatoa diski ya zamani na kuweka SSD, diski mpya ya chipu isiyozunguka, ya GB 240, ambayo bei yake haifiki ya mbuzi, na kijiti kimoja cha RAM kilichotumika, jumla ikawa GB 8. Halafu nikaondoa Windows nikaweka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi. Kabla, nilishika saa, ilichukua dakika nne na ushee mpaka ukaweza kubofya kitu. Baadaye ilikuwa chini ya nusu dakika. Mzee alizima na kuwasha mara tatu, hakuamini.

Mint 22 ilitoka Julai 2024 na itapata masasisho hadi 2029. Ni bure, na ni bure ya halali. Imejengwa juu ya Ubuntu, Linux nyingine iliyoanza mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni ndugu wa neno letu "utu". Chini kabisa kuna Linux, ambayo Linus Torvalds aliitangaza Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Simu yako ya Android imesimama juu ya hiyohiyo Linux, kwa hiyo wewe si mgeni nayo.

Sasa nikupe na ubaya wake, maana mafundi wenzangu wanaosifia Linux huwa wanaruka hapa. Barua na mitihani ya Word itafunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, ila jedwali linaweza kusogea na fonti kubadilika, hasa mtihani wenye michoro. Umezoea kadi zako za mchango kwenye Publisher? LibreOffice inajaribu kuzifungua, lakini nimeona ua likipanda juu ya jina la bwana harusi. Utazichora upya mara moja, kisha utabaki nazo. Printa ndiyo mtihani mkubwa. Za Epson zile za matangi ya wino nimeziunganisha nyingi bila kelele, lakini kuna nyingine zimenikesha.

Kwa hiyo usifute kitu kwanza. Njoo na fleshi ya GB 8, nitakuwekea Mint humo. Unawashia kompyuta yako kutoka kwenye fleshi, Windows yako ikiwa imelala palepale haijaguswa. Chomeka printa, chomeka skana, fungua kadi tatu na mtihani mmoja, fanya kazi hivyo siku nzima ya Jumatano ambayo si ya mnada. Kama printa imegoma, tutazungumza habari ya mashine iliyotumika ya kizazi cha nane. Kama haikugoma, hela ya mashine mpya peleka kwenye karatasi.

Na usione kwamba ni mambo ya watu maskini. Jimbo la Schleswig-Holstein la Ujerumani lilitangaza Aprili 2024 kwamba kompyuta zipatazo 30,000 za ofisi za serikali zinahamia LibreOffice, na baadaye Linux. Hao wana hela ya kununua chochote. Walichochoka nacho ni kupangiwa tarehe na mwenye duka.

Shikamoo dada. Nasoma kompyuta chuoni hapa Mbeya. Mhadhiri alisema programu huria ni salama kwa sababu msimbo wake uko wazi na kila mtu anauona. Halafu nikasikia kisa cha xz. Sasa hayo macho yote yalikuwa wapi?
*Mwanafunzi, Iyunga*

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako ni bora kuliko jibu la mhadhiri.

Wewe kama umekulia vijijini huku kwetu unaijua miradi ya maji ya mserereko. Chanzo kiko mlimani, bomba linashuka, vijiji vitano vinakunywa. Na kila mradi una mzee mmoja mwenye spana. Hakuna anayemlipa sawasawa. Valvu ikivuja anapanda yeye, mvua ikinyesha anapanda yeye, na watu wanamkumbuka siku maji yakikatika. Sasa anatokea kijana mgeni, mpole, anapanda naye mlimani. Anabeba vifaa. Miaka miwili. Wengine ambao hata sura zao hazijulikani wanaanza kumsema mzee: umechoka, mpe kijana spana. Mzee anampa.

Ndivyo ilivyokuwa. xz ni programu ya kubana mafaili, iko kwenye karibu kila Linux. Aliyeitunza ni Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea, na mwaka 2022 alikwisha kuandika hadharani kwamba afya yake ya akili imemlemea na kwamba kazi hiyo hailipwi. Aliyejiita Jia Tan alikuwa amekwisha kuanza kuleta marekebisho, mazuri tu, tangu 2021. Akaaminiwa, akapewa funguo. Mapema 2024 yakatoka matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakiwa na mlango wa uani: mwenye ufunguo wa siri angeweza kuingia kwenye seva za watu bila kubisha hodi. Na mlango wenyewe haukuwa mahali pa kusomeka. Ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, yale ambayo ukiyafungua unaona takataka tupu.

Aliyeufichua ni Andres Freund, mhandisi anayefanya kazi Microsoft (ndiyo, hao hao). Alikuwa anapima kasi ya hifadhidata, akaona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuiingia kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Mimi hapa Mwanjelwa mtandao ukichelewa nusu sekunde nashukuru Mungu. Yeye akakataa kulala nayo, akafuatilia mpaka akafika kwenye xz, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Matoleo yale yalikuwa yamefika kwenye Linux za majaribio, kama Debian isiyo imara, lakini si kwenye zile ambazo mimi nawawekea wateja.

Kwa hiyo macho yalikuwa wapi? Yalikuwa yanakunywa maji. Uwazi wa msimbo haukumzuia mwizi kuingia, ila ndio uliomwezesha Freund kufuatilia bomba mpaka chanzo bila kuomba ruhusa ya mtu. Kama ingekuwa programu iliyofungwa angeandika malalamiko kwa kampuni na kusubiri jibu. Na ukitafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, acha mfumo wa mahudhurio, tumeuchoka. Chagua programu moja ndogo ambayo chuo chenu kinaitegemea, utafute nani anaitunza.

Mama fundi, nina laptopu ya RAM GB 8. Naweza kuweka akili mnemba humo ikafanya kazi bila bando? Na hizi wanazoziita "huria" kama DeepSeek, ni huria kweli?
*Kijana wa mbao, Mafinga*

Mama tena! Haya.

Inawezekana. Modeli kubwa ya DeepSeek R1, akili mnemba ya kampuni ya China iliyotoka Januari 2025, ina vigezo (zile namba za ndani zinazoiongoza) bilioni 671, hiyo sahau. Lakini walitoa na ndogo zake, kuanzia bilioni 1.5. Ya bilioni 7 iliyobanwa inakula kama GB 5 za RAM, itaingia kwako ukifunga vingine vyote. Itaandika polepole, na Kiswahili chake utacheka. Usiitumie kupiga hesabu ya kyubiki za mbao halafu ukamlaumu mtu. Bando utaliunguza mara moja tu siku ya kuipakua, kwa hiyo pakua usiku.

Huria? Leseni yao ni ya MIT, unaruhusiwa kutumia, kubadili, hata kufanyia biashara. Ila walichokupa ni mbegu chotara. Unapanda, unavuna, unauza, hakuna wa kukukamata, lakini wazazi wa mbegu wamebaki kwao: maandishi waliyoifundishia hawakuyatoa. Oktoba 2024 Open Source Initiative, shirika linaloamua nini kiitwe programu huria, walitoa maana yao rasmi ya akili mnemba huria, wakataka angalau maelezo ya kutosha kuhusu data iliyotumika. Kwa kipimo hicho nyingi zinazojiita huria zinaanguka. Mimi natumia hivyohivyo, nikijua ni chotara.

Naombeni jibu fupi. Kukreki programu kuna ubaya gani kama inafanya kazi?
*Asiyetaka kutajwa, Iringa mjini*

Fupi: miaka kadhaa nyuma niliweka programu iliyokrekiwa kwenye kompyuta ya chama kimoja cha kukopeshana. Baada ya wiki tatu mafaili yote yalibadilika majina, na barua ya Kiingereza ikawa inadai hela. Daftari la mikopo ya wanachama lilirudishwa kwa mkono kutoka kwenye risiti za karatasi, nami nilikuwa mmoja wa waliokaa kuandika, bila malipo, kwa sababu aliyeweka ni mimi.

Mwanangu, hujambo? Mimi ni mwalimu wa sekondari karibu kustaafu. Tumepewa kompyuta sita za zamani. Je, hiyo Linux inayo Kiswahili? Watoto wa kidato cha kwanza Kiingereza cha menyu kinawatisha.
*Mwalimu, Tukuyu*

Sijambo, mwalimu, shikamoo. Kiswahili kipo, kwa vipande. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili, wakati ambapo wengi tulikuwa bado tunatafuta pa kuwashia. LibreOffice ilizaliwa kutoka OpenOffice mwaka 2010. Ukiweka Kiswahili kwenye Mint leo utakuta menyu moja imetafsiriwa na inayofuata haijaguswa, kwa sababu waliokuwa wanatafsiri walikuwa wachache na wakaenda kwenye shughuli zao.

Hapo ndipo nawaza kidato chako cha tatu. Tafsiri za programu hizi ziko wazi kwa yeyote kuchangia, na kazi ya kwanza ya darasa inaweza kuwa kubishana: "file" ni faili au jalada? Mimi ni wa faili, na tarakilishi siisemi mpaka niko mbele ya mkaguzi. Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, nao wana Common Voice, ambako mtu anasoma sentensi za Kiswahili kwa sauti na wengine wanahakiki, ili mashine zijifunze kutusikia. Nataka sana humo iwemo sauti ya mtoto wa Rungwe.

Nitashuka Tukuyu Jumamosi ya pili ya mwezi ujao nikiwa na fleshi tatu. Sitaki nauli. Niandalie chumba chenye soketi mbili zinazofanya kazi, na usiwaruhusu wafute chochote kwenye zile kompyuta sita kabla sijafika. Huenda mojawapo ina picha za mtu.