Beringi zilizogandia kwenye mpira wa Centipede
Ndugu, kama beringi za mpira wa kuongozea mchezo kwenye mashine ya zamani ya michezo ya Centipede ya Atari (mpira unaozungusha rola zilizo chini yake) zimeshikana kwa kutu na vijiti vya rola, nyundo iache kwanza. Ukigonga, kijiti kinapinda, na hapo umekwisha. Chomoa kigurudumu cha plastiki chenye matundu, kisha changanya asetoni na mafuta ya gia otomatiki nusu kwa nusu, dondoshea kwenye kutu, acha hadi kesho yake. Fanyia nje: asetoni hushika moto upesi, na plastiki nyingi huziyeyusha. Ikigoma bado, futa yote, ikishakauka kabisa pasha beringi kwa hewa ya moto, uivute kwa pula ndogo (kifaa cha kuchomolea beringi). Beringi yenyewe usiihurumie, mpya ni bei rahisi. Kijiti ndicho adimu.