Filamu na taasisi ya hisani: tunajibu barua za Moshi na Arusha

Barua nyingi za safari hii zimetoka Kilimanjaro na Arusha, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu anataka kutengeneza filamu, na papo hapo anataka kuongoza taasisi ya kusaidia watu. Tumechagua tano. Ya Njiro tumeijibu kwa urefu zaidi, kwa kuwa inahusu kuchanganya kampuni na taasisi, na hapo ndipo kazi nzuri nyingi huharibikia.

Shikamooni. Nina stashahada na naishi Pasua, Moshi. Nataka kuwa mtayarishaji wa filamu, na baadaye nianzishe taasisi ya watoto wa mitaani. Nianze na kipi?

Marahaba. Anza na filamu, tena anzia chini. Mwongozaji ndiye anayeamua picha iweje. Mtayarishaji anatafuta fedha, anaajiri, anasaini mikataba, anafuatilia vibali, na fedha zisipoonekana ndiye anayeulizwa. Kazi hiyo hujifunzi kwa kushika kamera. Tafuta kundi linaloshuti matangazo au filamu za makala, uombe nafasi ya msaidizi wa utayarishaji: kutunza stakabadhi, kupanga usafiri, kuandika ratiba ya siku. Ratiba nzuri ni ya ukurasa mmoja: saa ya kukutana, mahali, nani anakuja na kifaa gani, chakula kinafika saa ngapi, jua linazama saa ngapi, hospitali ya karibu ni ipi. Mkiwa Moshi mjini andika KCMC au Mawenzi pamoja na namba ya dereva atakayebaki na gari.

Kisha jifunze bajeti. Tuseme una shilingi milioni 40 kwa filamu ya makala ya nusu saa. Tenga milioni 4 za maandalizi na vibali, 18 za kushuti, 10 za uhariri, rangi na sauti, 4 za kuifikisha filamu kwa watazamaji, na 4 za dharura. Vijana wengi humaliza milioni 30 lokesheni, wakarudi na picha nzuri ambazo hakuna wa kuzihariri. Fedha ya uhariri iwekwe pembeni kabla gari halijawashwa.

Diski nazo huwa zinasahaulika. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula takriban gigabaiti 45 kwa saa. Ukirekodi saa 6 kwa siku, kwa siku 10, unafika terabaiti 2.7. Kwa hiyo nunua diski tatu za terabaiti 4: mbili za kazi, na ya tatu ilale nyumba nyingine. Kadi isifutwe hadi nakala mbili zimefunguliwa na kutazamwa. Na wakati wa masika, Machi hadi Mei, usipange mahojiano chini ya bati bila dari. Mvua ikianza hakuna fundi sauti atakayeokoa maneno yale.

Kwa masomo, TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha mambo ya sanaa na filamu. Kwa upande wa taasisi, umebahatika kuwa karibu na vyuo: Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, Chuo Kikuu cha Ushirika hapo hapo Moshi kwa uhasibu, na kituo cha mafunzo cha MS TCDC, Usa River, kwa kozi fupi za uongozi wa mashirika.

Ukitaka mfano wa mtu aliyefuata njia hii, soma habari za Mira Nair wa India. Baada ya filamu yake ya 1988 kuhusu watoto wa mitaani wa Mumbai, mapato yake yalisaidia kuanzisha Salaam Baalak Trust, taasisi inayohudumia watoto wa aina hiyo hiyo. Mwaka 2004 akaanzisha Maisha Film Lab mjini Kampala, kufundisha vijana wa Afrika Mashariki kutengeneza filamu. Filamu ilitangulia, taasisi ikafuata, na kila moja ikawa na jina lake na watu wake.

Ndugu wahariri, mimi na mume wangu tuna kampuni ya filamu hapa Njiro. Tunataka kuanzisha taasisi ya kusomesha wasichana. Je, tunaweza kutumia usajili mmoja na akaunti moja ili kupunguza gharama?

Hapana, dada. Hata kama mngeweza, msifanye hivyo. Kampuni yenye hisa inasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na faida yake ni ya wenye hisa. Taasisi yenu inasajiliwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, na haina faida ya kugawana. Zamani wengi walifungua kampuni isiyo na hisa BRELA wakaishia hapo. Tangu marekebisho ya sheria ya 2019, kampuni ya namna hiyo yenye malengo ya kuhudumia jamii inapaswa kuwa chini ya Msajili. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na sahihi, taarifa za viongozi pamoja na picha zao, na barua ya utambulisho. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu ndiye wa kumwona kwanza. Mara nyingi maombi hurudishwa kwa sababu ya katiba: malengo kumi na tano yasiyohusiana, au hakuna kifungu kinachosema mali itakwenda wapi taasisi ikivunjwa.

Akaunti ziwe mbili, na watia saini wa taasisi wasiwe mke na mume peke yao. Wagawanyeni watia saini katika makundi A na B, na kila malipo yasainiwe na mmoja wa kila kundi. Mmoja wenu awe A, na B awe mweka hazina asiye ndugu. Mfadhili makini hutazama ukurasa wa watia saini kabla hajasoma andiko lenyewe la kuomba fedha.

Sasa jambo gumu zaidi: taasisi itahitaji filamu, na kampuni yenu inatengeneza filamu. Hamjakatazwa kuipa kazi, lakini fuateni hatua. Bodi iombe bei kwa kampuni tatu, kwa maelezo yale yale. Siku ya uamuzi nyote wawili mtangaze maslahi yenu na mtoke nje, na muhtasari uandike saa mliyotoka na saa mliyorudi. Mkishinda, mkataba utaje urefu wa filamu, tarehe ya kukabidhi, idadi ya marekebisho, na haki za filamu ni za nani. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, haki za kiuchumi huhamishwa kwa maandishi yenye sahihi. Mkikubaliana kwa mdomo, taasisi inaweza kulipa filamu yote na isiweze kuionyesha bila ruhusa yenu.

Malipo nayo yana utaratibu. Kazi ikiwa ya shilingi 12,000,000, taasisi inazuia kodi ya asilimia 5, yaani 600,000, inawalipa 11,400,000, na ile kodi inafikishwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Cheti cha Msajili hakiwasamehi kodi. Ili kutambuliwa kuwa taasisi ya hisani kwa kodi ya mapato, mnaomba uamuzi wa Kamishna wa TRA chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 nao unapelekwa kwa Msajili. Usikae kabatini hadi mkaguzi wa hesabu aukute.

Mmeandika pia kwamba mnataka "asilimia 15 ya faida ya filamu" iende kwa wasichana. Andikeni faida hiyo inahesabiwaje. Filamu ikiuzwa milioni 30, msambazaji akachukua asilimia 25, yaani 7.5, na matangazo yakala 2.5, inabaki 20, na asilimia 15 yake ni milioni 3. Lakini mkataba ukisema gharama za kutengeneza nazo zikatwe kwanza, na filamu iligharimu milioni 40, wasichana hawapati hata senti moja, na kila karatasi inaonyesha kuwa hakuna aliyevunja ahadi. Sisi tungeandika asilimia ndogo zaidi ya mapato baada ya kamisheni ya msambazaji. Fedha kidogo inayofika ina faida kwa mtoto anayesubiri ada.

Shikamooni. Nalea watoto kwenye kituo huku Machame. Wamekuja vijana wenye kamera, wanasema filamu yao itatuletea wafadhili. Niwaruhusu?

Marahaba, mama. Waombe karatasi tatu kabla ya chai: cheti cha usajili wao, kibali cha Bodi ya Filamu, na fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili. Wasipokuwa nazo, warudi wakizipata.

Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, hivyo mzazi au mlezi ndiye anayesaini. Hata hivyo mtoto mwenyewe aulizwe, bila mwenye kamera kuwepo, na akikataa liishe. Fomu itaje filamu itaonyeshwa wapi, kwa miaka mingapi, na mnampigia nani mkitaka mtoto aondolewe. Sentensi ya "itatumika popote na kwa lengo lolote" ifuteni kwa kalamu mbele yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, iko upande wako.

Angalia picha zenyewe. Jina la mtoto, kibao cha shule, nembo ya sare na mlango wa kituo visikutane kwenye filamu moja, maana mgeni ataweza kumfikia. Habari za ugonjwa wa mtoto au namna wazazi wake walivyofariki zisisemwe huku uso ukionekana. Na ahadi ya ada kwa mtoto atakayekubali kupigwa picha ikatae kabisa, mama. Mtoto anayehitaji ada hana nafasi ya kusema hapana. Ada itolewe kwa wote wanaostahili, au itolewe bila kamera.

Tunataka kushuti Mlima Kilimanjaro, na droni pia. Tulipe getini tu? (Msomaji, Marangu)

Kiingilio cha getini ni cha mgeni anayepanda. Kushuti kibiashara kuna kibali na ada yake kutoka TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, lenye makao makuu Arusha, na ombeni mapema baada ya kibali cha Bodi ya Filamu. Ngorongoro haiko chini ya TANAPA, ina mamlaka yake. Droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi inahitaji ruhusa ya hifadhi pia. Mkiirusha bila hiyo mnaweza kuipoteza pamoja na picha zote. Kwa picha ya Kibo mkiwa chini, amkeni alfajiri, kwani mchana mawingu huufunika mlima. Huko juu baridi hunyonya betri: laleni nazo ndani ya mfuko wa kulalia, na mchukue mara mbili ya mlizozoea.

Je, mwanzilishi wa taasisi anaruhusiwa kujilipa mshahara? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Kujilipa hapana, kulipwa ndiyo, kama katiba inaruhusu, anafanya kazi ya kila siku, na bodi imepanga kiwango akiwa hayupo kikaoni. Awe na mkataba wa ajira, akatwe PAYE, yaani kodi ya mshahara, na achangiwe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 kwa jumla, ya mwajiri na yake. Kama mshahara unatoka kwenye fedha za mradi, uonekane kwenye bajeti ya andiko tangu mwanzo, kwa cheo chake na asilimia ya muda anaotumia kwenye mradi huo. Anayefanya kazi nusu ya siku kwenye kampuni yake ya filamu hawezi kuandikiwa asilimia 100 kwenye taasisi.