Kwa wakili anayeanza mashauri ya biashara: tarehe, majalada na mipaka

Wengi huingia kwenye mashauri ya biashara wakidhani kazi ni kusimama mbele ya jaji. Kusimama ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kusoma: barua pepe za muuzaji na mnunuzi, taarifa za benki, mihtasari ya vikao vya bodi, mkataba uliorekebishwa mara tatu na marekebisho mawili tu ndiyo yaliyosainiwa. Asiyependa kusoma nyaraka za watu wengine usiku kucha atafute tawi jingine la sheria, na hakuna aibu katika hilo.

Kabla hujaandika mstari wa kwanza wa hati ya madai, andaa orodha ya matukio kwa tarehe. Kila tukio lionyeshe nani alifanya nini, nani alikuwepo, na kielelezo gani kinathibitisha. Mteja atakusimulia hadithi yenye hasira. Orodha ya tarehe ndiyo itakayokuonyesha kwamba barua ya kuvunja mkataba ilitumwa kabla ya muda wa kurekebisha kasoro kwisha, na kwamba mwenye hasira ndiye mwenye kosa. Ni heri ulijue hilo ofisini kuliko kulisikia kwenye maswali ya dodoso, yale ambayo wakili wa upande wa pili humuuliza shahidi wako. Jambo jingine, soma mkataba hadi ukurasa wa mwisho. Kifungu cha usuluhishi, kinachopeleka mgogoro kwa msuluhishi badala ya mahakamani, na cha sheria itakayotumika huwa huko chini, na mawakili wenye majina makubwa wameshafungua mashauri mahakamani wakarudishwa kwa sababu yake.

Nimeanza na tarehe na vielelezo kwa makusudi, maana stadi hiyohiyo utaihitaji kwa jambo ambalo vyuo vya sheria hulipitia juujuu: unyanyasaji ndani ya ofisi zetu wenyewe.

Mwaka 2019 Chama cha Kimataifa cha Mawakili, IBA, kilitoa matokeo ya utafiti uliowafikia karibu watu 7,000 wa taaluma ya sheria katika nchi 135. Miongoni mwa wanawake waliojibu, mmoja kati ya watatu alisema amewahi kunyanyaswa kingono kazini, na mmoja kati ya wawili alisema amewahi kuonewa. Kwa wanaume, mmoja kati ya watatu alisema amewahi kuonewa. Robo tatu ya matukio ya unyanyasaji wa kingono hayakuripotiwa kabisa. Hawa ni watu ambao kazi yao ni kudai haki za wengine.

Wananyamaza kwa nini? Wengine watakwambia ni woga. Mimi naona tuangalie nani anagawa majalada. Katika ofisi nyingi za mashauri, mbia mmoja, yaani mmoja wa wamiliki wa ofisi, ndiye huamua nani apewe shauri kubwa, nani asafiri kwenda kusikiliza mashahidi, nani abaki mpaka usiku wa manane kabla ya maombi ya zuio. Mtu huyohuyo husaini kwamba mwanafunzi wa uwakili amekamilisha mafunzo. Ukimkatalia chakula cha usiku, hakuna atakayekufukuza. Utaona tu kwamba majalada yamekauka, na mwisho wa mwaka utaambiwa hukufikisha saa za kutoza wateja. Kisasi cha namna hiyo hakina barua, na ndiyo maana ni kigumu kukithibitisha.

Kwa hiyo jiandikie. Siku ileile, kwa maneno yaliyosemwa, si kwa tafsiri yako: "alisema hivi, mahali fulani, saa fulani, fulani alikuwa mlangoni." Andika pia mgawanyo wa kazi kabla na baada ya kukataa, maana hapo ndipo kisasi huonekana. Hifadhi mbali na kompyuta ya ofisi. Lakini angalia sana: usijitumie nyaraka za mteja kwenye barua pepe yako binafsi ili kuonyesha kwamba mlikuwa pamoja usiku ule. Utakuwa umewapa sababu ya kukushughulikia wewe kinidhamu, na shauri lako litageuka kuwa shauri lao. Tarehe ya kikao inatosha, jina la mteja si lazima.

Siri ya mteja inalinda mambo ya mteja. Haimlindi mbia anayekushika kiuno. Mwezi Juni 2020 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini humo, ilitangaza kwamba uchunguzi huru ilioagiza ulibaini kuwa wasaidizi sita wa zamani walinyanyaswa na jaji aliyekwisha kustaafu, madai ambayo yeye aliyakana. Jaji Mkuu Susan Kiefel aliomba radhi hadharani. Miongoni mwa mapendekezo ya uchunguzi ule ni kuwaweka wazi wasaidizi kwamba wajibu wao wa kutunza siri unahusu kazi za mahakama tu. Kama mahakama ya juu kabisa ilihitaji kuambiwa hivyo, usishangae ofisi yenu ikihitaji pia.

Jua pia Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021. Unasema tukio hata la mara moja laweza kuwa unyanyasaji. Unawagusa wanafunzi wa kazi na waombaji wa kazi, na unafuata kazi hadi safarini, kwenye hafla na kwenye ujumbe wa simu. Kama nchi yako imeuridhia au la, na sheria zenu zinasemaje, hilo ni jukumu lako kulitafuta; wewe ni wakili.

Mteja naye anaweza kuwa ndiye mnyanyasaji, na hapo ofisi nyingi hujikanganya. Mteja anayeleta ada nzito akimsumbua wakili mdogo, jibu la kawaida ni kumwondoa wakili mdogo kwenye jalada "kwa usalama wake". Hiyo ni adhabu kwa aliyeonewa. Mbia mwenye busara humwandikia mteja, humwekea masharti, au hutuma mtu mzito zaidi kwenye vikao huku jalada likibaki mikononi mwa wakili mdogo.

Unapohojiwa kwa ajili ya kazi, na wewe uliza. Majalada yanagawiwa na mtu mmoja au wawili? Malalamiko dhidi ya mbia yanapokelewa na nani, na mtu huyo analipwa na nani? Waliokaa kwenye dawati hili kabla yangu wako wapi sasa? Kisha watafute hao waliotoka, mmoja mmoja, na uwasikilize kabla ya kusaini chochote.