Mchezo wa Bustani ya Bahari Huanzia Kwenye Chujio

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: mchezo wa kompyuta wa kuendesha bustani ya wanyama wa baharini upimwe kwa lipi, na je, malalamiko ya wachezaji wanaotaka pomboo na nyangumi wauaji warudishwe katika michezo hiyo yana msingi? Naomba nizijibu sehemu zote mbili kwa pamoja, kwa sababu naamini jibu lake ni moja. Mchezo wa aina hii husimama au huanguka kwa jinsi unavyoyashughulikia maji. Maji yakiwa mapambo ya buluu tu, mchezaji huchoka mapema hata wanyama wapendeze kiasi gani; yakiwa na gharama, yakiwa na ukomo na yakiweza kuharibika, hata samaki mdogo asiyevutia macho humlazimisha mchezaji kufikiri. Nyangumi muuaji naye anastahili kuingia kwa sharti hilo hilo, yaani aje na gharama yake yote.

Wachezaji wengi huizungumzia michezo hii kana kwamba ni bustani ya wanyama wa nchi kavu iliyojazwa maji, na baadhi ya watengenezaji nao huifikiria hivyo. Tofauti ni kubwa. Simba aliyezungushiwa uzio huvuta hewa isiyotengenezwa na mtu, lakini samaki aliye ndani ya tangi hupata kile tu ambacho mitambo imemwandalia. Samaki hutoa amonia mwilini mwake, na amonia hiyo ni sumu kwake hata ikiwa kidogo sana. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Lakini bakteria hao huhitaji wiki kadhaa kuzaliana vya kutosha, na ndiyo maana mfugaji makini halijazi tangi jipya kwa siku moja. Kuna pia chumvi, ambayo katika maji ya bahari ni takriban gramu 35 kwa kila kilo moja ya maji, kuna joto, kuna oksijeni, na kuna pampu isiyoruhusiwa kuzimika usiku wala mchana. Mtengenezaji wa mchezo amekabidhiwa mfumo mzima wa maamuzi ambao hahitaji kuubuni. Inasikitisha kuona ukiachwa kando ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vinywaji na rangi za viti.

Mchezo wa Zoo Tycoon, uliotengenezwa na Blue Fang Games na kutolewa na Microsoft mwaka 2001, ulipata mwaka uliofuata kifurushi cha nyongeza kiitwacho Marine Mania, na wachezaji walioukulia bado wanakitaja kwa mapenzi makubwa. Mapenzi hayo nayaelewa. Kifurushi kile kilimtaka mchezaji ajenge tangi, alipangie kina kinachomfaa mnyama, na aweke machujio ya kusafisha maji. Kwa michoro ya wakati ule, hayo yalikuwa mawazo ya kijasiri. Kasoro yake ilikuwa kwamba kila mnyama alipatikana kwa urahisi ule ule. Papa mweupe mkubwa alinunuliwa, akatumbukizwa, na tangi likishakidhi mahitaji yake akaishi humo kwa raha. Katika ulimwengu halisi, Monterey Bay Aquarium ya Marekani ilimtunza papa mweupe mchanga kwa siku 198, kuanzia Septemba 2004 hadi Machi 2005, kisha ikamrudisha baharini baada ya kuanza kuwashambulia papa wengine waliokuwa naye. Na mwaka 2016 papa mweupe aliyewekwa katika hifadhi moja ya Okinawa, Japani, alikufa baada ya siku tatu tu.

Hebu fikirieni uamuzi ambao ukweli huo ungempa mchezaji: mnyama mmoja anayejaza watazamaji milangoni kwa msimu mmoja, huku mwenye bustani akipima kila siku kama bado anakula, kama amewajeruhi wenzake, na kama siku ya kumrudisha baharini imefika ilhali mkopo wa tangi haujalipwa. Sijakutana na mchezo unaonipa uamuzi huo, nami ningeuthamini kuliko michoro yoyote mipya ya mawimbi.

Mchezo uliokaribia zaidi kile ninachokieleza ni Megaquarium, uliotolewa na kampuni ndogo ya Twice Circled mwezi Septemba 2018. Wachezaji wanaoukosoa husema kwamba hauna mvuto wa macho na kwamba kuucheza ni sawa na kukaa ofisini ukipanga ratiba za wafanyakazi. Wanachokieleza ni kweli, lakini hukumu yao siikubali. Katika mchezo ule kila kiumbe huja na masharti yake: huyu anataka maji ya joto na yule ya baridi, huyu hawezi kuishi bila kundi la wenzake, yule huwaonea walio wanyonge, mwingine humla yeyote aliye mdogo kuliko yeye. Chakula hakijileti chenyewe. Mfanyakazi lazima akifuate, akibebe, na alifikie tangi kwa njia ambayo mchezaji ndiye aliyeipanga. Baadhi ya wanyama hukua, na tangi lililowatosha walipokuwa wadogo huwa finyu baadaye. Matokeo yake ni kwamba mchezaji hulazimika kufikiria upande wa nyuma wa tangi, ule ambao mtazamaji hauoni, kwa umakini uleule anaoutumia kwa upande wa mbele. Huo ndio uendeshaji wa bustani ya bahari, na anayeuita kazi ya ofisini ameona sawasawa kile ambacho watunzaji wa kweli hukifanya kila siku.

Hata hivyo, nina malalamiko mawili kuhusu mchezo huo. La kwanza ni kwamba usafi wa maji humo ni hesabu ya moja kwa moja kati ya nguvu ya machujio na mzigo wa samaki. Tangi jipya huwa tayari mara linapowekewa mitambo, na subira ya zile wiki za mwanzo haipo. La pili linahusu fedha, na hili ni lalamiko la wachezaji wa karibu michezo yote ya aina hii: baada ya saa kadhaa bustani huwa na fedha nyingi mno hata uamuzi mbaya usiwe na madhara.

Kuhusu fedha, naona chanzo chake ni kwamba watengenezaji huyapima matangi kwa eneo la sakafu, wakati maji hupimwa kwa ujazo. Ukiongeza urefu, upana na kina cha tangi mara mbili, kioo cha mbele ambacho watazamaji husimama kukitazama huongezeka mara nne, lakini maji ya kuchuja, kupoza na kutia chumvi huongezeka mara nane. Kwa hesabu hiyo peke yake, tangi kubwa lingekuwa mzigo ambao mchezaji anaubeba kwa makusudi, akijua kwamba mapato ya kioo hayawezi kuufuata kwa kasi ileile. Michezo mingi hufanya kinyume chake: kadiri tangi linavyokuwa kubwa ndivyo faida inavyokuwa rahisi, na mchezaji aliyefika huko hana tena sababu ya kurudi kesho.

Nije sasa kwenye pomboo na nyangumi wauaji. Planet Zoo, iliyotolewa na Frontier Developments mwezi Novemba 2019, ndiyo iliyozidisha ubishi huu. Ni mchezo mzuri sana kuutazama, na maji yake yana mitambo ya kuyasafisha ambayo ikipuuzwa wanyama huugua. Mwezi Desemba 2020 ilipata kifurushi cha wanyama wa majini kilichomleta sili wa kijivu na fisi-maji mkubwa wa Amerika Kusini, pamoja na uwezo wa wanyama kupiga mbizi kwenye maji ya kina. Wachezaji wengi walisubiri kwamba baada ya hapo wangefuata pomboo, lakini hawakuja, na katika vifurushi vyote vilivyofuata nyangumi hakuingizwa hata mmoja. Upande mmoja unasema mchezo wa wanyama usiokuwa na pomboo haujakamilika, hasa kwa kuwa Marine Mania ilikuwa nao. Upande wa pili unasema mchezo unaojinadi kwa ustawi wa wanyama hauwezi kumfungia nyangumi na kuuita uhifadhi.

Nimeyatafakari maoni ya pande zote mbili kwa muda mrefu. Wanaopinga wako sahihi kuhusu mnyama, ila naona dawa waliyoichagua haiponyi. Kanuni za serikali ya Marekani za matangi ya nyangumi wauaji huweka kipimo cha chini cha upana kuwa mita 14.63 na cha kina kuwa mita 3.66, yaani takriban mita za ujazo 615 za maji kwa wanyama wasiozidi wawili. Dume aliyekomaa anaweza kuzidi mita 7 kwa urefu, na baharini kundi lake husafiri makumi ya kilomita kwa siku moja. Mchezaji akilijenga tangi hilo kwa mikono yake mwenyewe, akamwona mnyama anavyozunguka ndani ya kipimo kinachokubaliwa na sheria, atauelewa ubishi huu kuliko mchezaji aliyefichwa mnyama. Kumwondoa nyangumi kwenye orodha kunamwacha mchezaji na kumbukumbu za mchezo wa mwaka 2002 tu, ambamo nyangumi alikuwa na furaha madhali tangi lilikuwa na kina cha kutosha.

Kwa hiyo namtaka nyangumi awemo, lakini aje kama alivyo. Awe na mama yake, kwa sababu nyangumi wauaji wa baadhi ya jamii za baharini hukaa na mama zao maisha yao yote. Mimba yake ichukue miezi 17 hivi. Jike aweze kuishi miaka mingi kuliko mkopo wowote ambao bustani imechukua. Na maonyesho yasitenganishwe na hali ya mnyama. Katika kifurushi cha Marine Mania cha Zoo Tycoon 2, cha mwaka 2006, mafunzo ya mnyama yaligeuzwa kuwa michezo midogo ya kubofya, na mnyama akishajua mbinu zake alizionyesha kwa makofi. Ilifurahisha, nakiri, na sioni aibu kusema kwamba watu hupenda kumwona pomboo akiruka. Lakini mafunzo katika bustani halisi yana kazi nyingine ambayo michezo hii huisahau: pomboo hufundishwa pia kuutoa mkia wake majini na kutulia ili daktari apate damu ya kupima. Mchezo ungeweza kumtaka mchezaji achague muda wa mkufunzi uende wapi, kwenye mruko unaouza tiketi au kwenye utulivu unaogundua ugonjwa mapema.

Kuna pia kile kitufe cha kumwachia mnyama porini. Katika Planet Zoo, mchezaji akimwachia mnyama hupata alama za uhifadhi papo hapo, na jambo limekwisha. Kwa wanyama wengine huenda hilo linavumilika, ila kwa nyangumi ni kosa. Keiko, nyangumi muuaji aliyekamatwa karibu na Iceland mwaka 1979, alirudishwa huko kwa ndege mwaka 1998, akafundishwa kuishi baharini kwa miaka, akaachiwa mwaka 2002, na akafa Norwe mwezi Desemba 2003 bila ya kuungana kikamilifu na kundi la nyangumi wa porini. Kitufe chochote kitakachowekwa katika mchezo lazima kiibebe historia hiyo: miaka ya kazi, gharama isiyokuwa na tiketi, na matokeo ambayo mchezaji hawezi kuyahakikisha.

Kama kuna mtengenezaji anayesoma safu yenu, basi namwomba changamoto moja tu, nayo ulimwengu umeshaiandika. Mwaka 2016 SeaWorld, kampuni ya Marekani yenye bustani za wanyama wa baharini, ilitangaza kwamba haitazalisha tena nyangumi wauaji. Mwaka 2019 Kanada ilipiga marufuku kuwafungia nyangumi na pomboo, isipokuwa wale waliokuwa tayari kwenye matangi. Mwaka 2021 Ufaransa ilipitisha sheria ya kukomesha maonyesho yao, na bustani ya Marineland iliyoko Antibes ikafunga milango yake mwezi Januari 2025. Nyangumi wake wawili, Wikie na mwanawe Keijo, hawakuwa na pa kwenda; kwa miezi mingi ya mwaka huo walikuwa bado humo, ndani ya bustani isiyokuwa na mtazamaji hata mmoja. Mchezaji akabidhiwe bustani kama hiyo siku ya kwanza ya mchezo. Mapato ya tiketi yawe sifuri na pampu ziwe zinafanya kazi. Watunzaji walipwe, samaki wa chakula wanunuliwe, wataalamu walete mapendekezo yanayopingana kuhusu bustani nyingine zilizo tayari kuwapokea na kuhusu hifadhi ya ghubani, baharini, ambayo bado haijajengwa, na kila mwezi unaopita uyafanye matangi yazidi kuchakaa. Asiwepo mnyama mpya wa kununua wala sehemu mpya ya kujenga mpaka wanyama hao wawili wawe wamepata mahali.